Kuku amerukiwa na mbwa, mwewe ama nguchiro: maswali yenye naulizwa kila saa

Mimi nafuga kienyeji hapa Lurambi, nje kidogo ya Kakamega. Leo kuku ni 38, wageni wakija kesho ni 37, nyinyi wa huku mnajua venye hiyo huenda. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu tu amepoteza kuku wengi kwa makosa ya kijinga akajifunza, na sasa watu wananipigia simu saa mbili usiku kuku akiwa kwapani wakiuliza maneno ni yale yale. Nimeyaandika hapa ndio na mimi nipate kula ugali ikiwa moto.

Ameshambuliwa saa hii, naanza na nini?

Usianze na dawa. Najua mkono unakimbilia ile chupa iko kwa dirisha, lakini wale nimepoteza usiku wa kwanza wengi hawakuuawa na kidonda, waliuawa na mshtuko na baridi. Kuku mzima joto lake ni kama nyuzi 41, amekupita wewe na nyuzi nne hivi, na akitolewa manyoya na damu kidogo hiyo joto inatoroka haraka kuliko unavyodhani, sana sana na hizi usiku zetu za mvua. Mtafutie katoni, itoboe matundu, tandika shuka kuukuu ama gazeti (maranda ya mbao hapana, yanaingia kwa kidonda), umweke mahali pa giza na kimya ndani ya nyumba, si kwa banda. Weka maji moto kwa chupa, funga chupa na leso, iweke upande mmoja wa katoni ndio akiskia joto imezidi anasonga upande ule mwingine. Na tafadhali usilete jiko la makaa kwa chumba kimefungwa, ile hewa ya makaa huua ndege kwanza halafu inageukia mwenye nyumba.

Kama havuji damu mwache nusu saa atulie ndio uanze kumshika shika.

Na kama damu haikomi?

Hapo hakuna kungoja. Kuku wa kilo mbili mwili mzima ana damu kama mililita 120 mpaka 160, yaani nusu ya ile chupa ndogo ya soda, kwa hivyo kile unaona ni damu kidogo kwake ni nyingi. Chukua kitambaa safi, finya pale inatoka, uhesabu dakika tano kamili bila kuchungulia. Ukichungulia unang'oa ile imeanza kugandana na unaanza upya. Ukucha ukivunjika ama ncha ya mdomo, unga wa ngano ukibonyezwa pale husaidia, lakini kwa kidonda chenye kimeingia ndani usiweke unga, utapika chapati ya bakteria. Umefinya robo saa na bado inaruka? Tafuta daktari usiku huo huo.

Nimemwangalia, ni katundu kadogo tu kwa mgongo. Si atapona mwenyewe?

Hili swali ndilo limeniuzia huzuni nyingi kwa hivyo nitalijibu pole pole.

Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, mkali wa kulalia, mbwa wa jirani akamshika karibu na choo. Nikamwokoa, nikaona tundu moja kama la kalamu, nikasema huyu ameponea, nikamrudisha kwa banda na wenzake. Siku ya tatu nikimpita nikaskia harufu. Kumfungua manyoya nikapata matundu manne, mawili juu mawili chini ya bawa, meno yalikuwa yameingia pande zote mbili kama koleo, na katikati ngozi ilikuwa imeachana na nyama, ukiibonyeza inatoa sauti kama karatasi ya nailoni. Tundu lilikuwa dogo lakini chini yake kulikuwa na mfuko.

Mbwa akishika kuku hutikisa. Jino linatoboa kadogo nje halafu kule ndani nyama inapondwa na ngozi inabanduka. Mwewe naye huacha kucha kwa mgongo na kwa kichwa, nguchiro na paka pori hupenda shingo. Kwa hivyo kila mmoja unamwangalia mwili mzima, hata kama wewe umeshaona kidonda kimoja na umeridhika. Shika tochi, mtu mwingine amshike kuku amefunikwa macho na kitambaa (akiwa gizani hutulia kabisa), halafu puliza manyoya na mdomo yafunguke, kipande kwa kipande, mgongo, chini ya mabawa, mapaja, karibu na mkia, shingo. Penye manyoya yameshikana na damu lowesha na maji ya vuguvugu. Halafu kata manyoya na makasi kuzunguka kidonda, usiyang'oe, ngozi ya kuku ni nyembamba sana na ukivuta unaongeza kidonda kingine.

Naosha na nini?

Maji na chumvi. Nimejaribu mengine yote na narudi hapo kila saa. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nunua siringi ya mililita 20 kwa kemisti, toa sindano utupe, uvute maji na uyasukume ndani ya kidonda kwa nguvu kiasi mpaka yanatoka safi. Rudia, rudia tena. Mimi kwa kidonda cha mbwa natumia hiyo nusu lita yote. Baada ya hapo iodini ya kemisti, lakini uipunguze na maji mpaka ikae rangi ya chai ya turungi yenye majani machache. Ikiwa nyeusi inaunguza nyama changa yenye inajaribu kukua.

Sasa kuna mahali moja hauoshi. Kuku ana mifuko ya hewa ndani ya mwili imeungana na mapafu, na hata mfupa wa juu wa bawa uko wazi ndani na unaungana na hiyo hewa. Ukiona povu linatoka kwa kidonda akipumua, ama tundu limeingia mpaka ndani ya tumbo au kifua, ama huo mfupa wa bawa umevunjika ukatokeza nje, usipige maji na siringi, unaeza kumzamisha akiwa mikononi mwako. Panguza tu pembeni, funika na kitambaa safi chenye unyevu, peleka kwa daktari.

Spiriti, jiki, dawa ya kuosha sakafu bila kupunguzwa: hapana. Ile dawa ya povu ya kemisti (haidrojeni peroksaidi) inachemka vizuri kwa macho lakini inaua na nyama nzima, ukiitumia kila siku ni hasara.

Na vaa glavu. Hauna glavu, vaa karatasi ya mkate. Kuku ana salmonela zake, wale bakteria wa kuharisha watu.

Nyanya yangu anasema niweke jivu. Mwingine oil chafu. Mwingine ogaka.

Jivu hapana, linakauka linakuwa saruji juu ya uchafu na hauwezi ona kile kinaendelea chini. Oil chafu ya gari ni sumu, kuku akijisafisha manyoya anaimeza. Tumbaku pia ni sumu. Mchanga wa kichuguu niliambiwa na mzee mmoja wa Shinyalu na nikanyamaza juu ya heshima.

Ogaka, yaani alovera, ute wake wa katikati kwa mchubuko wa juu juu haina shida, lakini ule utomvu wa manjano kwa ngozi ya jani uuache utiririke kwanza. Asali safi nayo ni dawa kweli, inavuta maji, inazuia bakteria, mimi huitumia kwa vidonda vikubwa vyenye vimesafishwa, tabaka nyembamba mara moja ama mbili kwa siku. Shida ya asali ni sisimizi. Ukiweka asali, weka katoni juu ya kistuli na miguu ya kistuli iwe ndani ya mikebe ya maji, la sivyo asubuhi utapata mstari kutoka dirishani mpaka kwa mgonjwa.

Spre ya buluu ya agroveti je?

Ni nzuri kwa kumalizia, si kwa kuanzia. Watu wanapuliza juu ya uchafu halafu wanashangaa. Osha kwanza. Faida yake ingine ni rangi, inaficha ule wekundu wenye kuku wengine wanapenda kudonoa, na ile GV (jentian violet) ya zambarau hufanya hiyo kazi pia kwa pesa kidogo. Usimpulizie machoni. Spre nyingi za hiyo rangi zina antibayotiki ndani, kwa hivyo soma karatasi yake kuhusu mayai kabla haujamkaangia mtoto.

Mafuta ya kidonda ya watu, yale ya tyubu, soma pia: kama jina la dawa moja ndani linaishia na "-kaini" hiyo ni ya kutia ganzi, na kwa ndege dozi yake ni rahisi kupitisha. Chukua ile haina.

Ngozi yote ya mgongo imetoka, naona nyama. Nishone?

Weka sindano ya nguo chini. Kidonda cha meno hakishonwi kifungwe, unafungia bakteria ndani na hakuna mahali usaha utatokea. Daktari anaeza kushona mkato safi wa siku hiyo hiyo, ama akashona na kuacha njia ya kutoa maji, hiyo ni kazi yake. Lakini nikuambie kitu chenye watu hawaamini: kuku hujaza nyama ajabu. Nimeona mgongo ulio wazi ukubwa wa kiganja ukijifunga wenyewe kutoka pembeni kuja katikati, wiki ya tatu ikawa kama shilingi ishirini, wiki ya sita ukaanza kutoa vimanyoya. Kazi yako ni kukiweka kisafi, kisikauke kikapasuka, na nzi wasikifikie.

Siku ya pili imegeuka kijani! Imeoza?

Nusa. Kama hainuki, haina joto kushinda kwingine na haitoi usaha, hiyo ni damu ya jeraha tu. Mtu akigongwa anakuwa zambarau, kuku anakuwa kijani, juu mwili wake unavunja damu ukaishia kwa rangi ya kijani na haiendelei mpaka manjano kama yetu. Nilishawahi kuchinja kuku mzima kwa sababu ya hiyo rangi, sitaki hata kukumbuka. Kinyesi pia kikiwa kijani na hajakula siku mbili, hiyo ni nyongo inapita kwa tumbo tupu, lakini kama na wengine kwa banda wameanza kuhara kijani na kupindua shingo, hiyo ni kideri na ni shida ingine kabisa.

Kuoza kwenyewe utakujua. Harufu tamu mbaya, nyama nyeusi ama ya kijivu yenye unyevu, na kuku anakunja manyoya kama amevaa koti.

Nimepata funza kwa kidonda

Umekosana na nzi, na nzi yuko mbio. Mayai yake yanaeza anguliwa chini ya siku moja, kwa hivyo ukiangalia Jumatatu asubuhi na Jumatano asubuhi umechelewa. Osha na maji ya chumvi ya vuguvugu, mengi, watatoka kutafuta hewa, wachomoe na kibanio kimoja kimoja mpaka chini ya ngozi, rudia jioni, rudia kesho. Usimwage mafuta ya taa. Halafu kata kipande cha neti kuukuu ya mbu ufunike katoni yote. Angalia kidonda asubuhi na jioni, kila siku, siku kumi za kwanza.

Funza wakiwa wameingia kwa njia ya kutagia, ndani, mimi huchinja ama namwita daktari. Hapo katikati ni mateso tu.

Nimpe antibayotiki? Na Panadol?

Tundu la mbwa ama la paka, ndio, antibayotiki huwa inahitajika na mapema ni bora, mate ya paka hasa yana bakteria wenye wanaua ndege ndani ya siku mbili tatu. Lakini ya daktari, yenye amepima kwa uzito wa kuku. Ile poda ya kuchanganya kwa maji ina shida moja kubwa: kuku mgonjwa hanywi vya kutosha, kwa hivyo anapata nusu dozi, bakteria wanapata mazoezi. Kuna agroveti moja iliniuzia dawa tatu kwa kuku mmoja, zote kumbe ni dawa moja kwa paketi tofauti.

Mchubuko wa juu juu hauhitaji antibayotiki.

Vidonge vya maumivu vya watu usikisie. Kuna dawa ya maumivu daktari anaeza kumpimia, na inasaidia sana, kuku mwenye haumwi anakula.

Hali wala hanywi, nimmwagie maji mdomoni?

La! Tundu la kupumulia la kuku liko hapo tu nyuma ya ulimi, ukimwaga yanaingia kwa mapafu. Chovya kidole, weka tone pembeni ya mdomo, ameze mwenyewe. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, hiyo ni ya siku ya kwanza na ya pili, halafu maji ya kawaida. Chakula: mashi ya kutagia imeloweshwa iwe kama uji mzito, yai la kuchemsha limepondwa (ndio, yai, hawana shida na hilo), na omena. Ioshe kwanza mchanga na chumvi vitoke, isage, nyunyiza juu. Sijaona kuku wa Nyanza ama wa Magharibi akakataa omena, na akikataa hiyo najua hali ni mbaya.

Kabla ya saa moja asubuhi mguse gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Unafaa kuwa umeisha usiku. Ukiwa umejaa na ni laini kama puto la maji, tumbo halifanyi kazi.

Akinywa maji yanatoka kifuani

Gole limetoboka. Usimpe chakula tena, peleka kwa daktari, linashonwa na wengi hupona.

Bawa linaning'inia

Likunje vile hukaa kawaida, lifunge na bandeji ya kujishika kwa mwili, wiki mbili tatu mifupa ya ndege huwa imeshikana. Lakini usikaze kifuani! Kuku hana ule msuli wa kupumua wenye sisi tuko nao chini ya mapafu, yeye hupumua kwa kusongesha mfupa wa kifua, ukimkaza kama mzigo wa boda anakufa kimya kimya. Vidole viwili vipite chini ya bandeji.

Naeza mrudisha kwa wenzake lini?

Kidonda kikiwa kimefunga na hakuna wekundu. Kabla ya hapo watamla, na sisemi kwa mfano. Kuku wakiona damu wanadonoa na hawaachi. Ila usimfiche kabisa pia, ukimtoa mwezi mzima anarudi kama mgeni na anapigwa. Mweke kwa kitundu ndani ya banda wanamwona hawamfikii, siku kadhaa, halafu mrudishe jioni wakiwa wamelala.

Ilikuwa siafu, si mnyama

Huku kwetu karibu na msitu hiyo ni kawaida, na mama kuku mwenye amelalia hatoki kwa mayai mpaka wammalize. Mtoe mbali, watoe siafu mmoja mmoja, vichwa hubaki vimeng'ata hivyo angalia kope, chini ya mabawa na kule nyuma. Osha na maji ya chumvi. Jivu linaenda kuzunguka banda, si kwa kuku.

Naeza kumla tu? Na mayai?

Kama alikuwa mzima, hajapewa dawa, na umemchinja akiwa hai mapema, toa sehemu iliyoumwa utupe, ingine pika vizuri. Majirani zangu Waislamu wa Mumias nao husema akiwahiwa kuchinjwa kabla hajafa ni halali. Mwenye amekufa mwenyewe usile, zika. Akiwa amepewa antibayotiki, ngoja siku zenye zimeandikwa kwa dawa, nyama na mayai.

Utumbo ukiwa nje, ama uti wa mgongo umevunjika miguu yote haiskii kitu, usimsumbue na dawa. Chinja haraka.

Mbwa mwenyewe hajulikani, kama ana kichaa?

Kuku si wa kukuletea kichaa, huo ni ugonjwa wa wanyama wa kunyonyesha. Lakini mate mabichi kwa manyoya na wewe uko na mkato kwa kidole, hapo vaa glavu, na huyo kuku usimle. Kama mbwa ama nguchiro alikung'ata wewe ukimpokonya, wacha kuku chini, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Dalili zikianza hakuna dawa.

Atarudi usiku tena?

Atarudi, tayari anajua njia. Ile waya nyembamba ya kuku inazuia kuku kutoka, haizuii mbwa kuingia, tumia ile ngumu ya matundu madogo ya kuanikia kahawa, na uifukie chini nusu futi hivi kwa sababu nguchiro anachimba. Wa Kisumu karibu na ziwa, kenge ndiye wenu, anapitia mahali haungedhani yai linapita. Sumu usiweke, itaua paka wako na mbwa wa watu.

Ataanza kutaga lini?

Wiki kadhaa, na usimlazimishe. Manyoya yaliyong'olewa yanarudi kwa wiki sita mpaka nane, yenye ulikata na makasi yanangoja mpaka abadilishe yote. Yule wangu mwekundu wa matundu manne alinyamaza wiki saba. Nikajua ameanza juu nilipata yai ndani ya ile katoni ya hospitali, jikoni, alikuwa amepitia mlango wa nyuma. Nimejaribu kuitoa mara mbili, anasimama kwa mlango anapiga kelele mpaka irudi.